UZI: Laurean Rugambwa, kutoka ukatekumeni wa Buhaya hadi kofia nyekundu ya Roma

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi nilimsindikiza mtoto wa kaka yangu Ukonga. Tukiwa kwenye daladala, konda anatangaza vituo, binti akaona kibao cha hospitali akaniuliza, "Baba mdogo, huyu Rugambwa alikuwa daktari?" Ana miaka kumi na saba, amelelewa Dar, kipaimara kapata hapahapa Dar. Rafiki yake wa shule alihamia Rugambwa Sekondari kule Bukoba, kwa hiyo jina analijua mara mbili, la hospitali na la shule ya wasichana. Mtu mwenyewe hamjui.

Sikumlaumu. Nilianza kumsimulia tukiwa tumesimama tumeshika bomba, tukashuka sijafika hata nusu. Nikaona niilete humu yote, maana hata wanaomfahamu wengi wao huanzia 1960, mwaka aliofanywa kardinali. Mwaka huo mtu alikuwa ameshaiva. Mimi nataka tuangalie jiko.

Kwa asiyejua kabisa: Laurean Rugambwa alizaliwa 12 Julai 1912 Bukongo, Buhaya, nchi ikiwa bado ya Wajerumani. Ndiye Mtanganyika wa kwanza kuwa askofu Mkatoliki, na ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kuwa kardinali. Alifariki 8 Desemba 1997, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, kesho yake nchi inaadhimisha Uhuru. Kati ya tarehe hizo mbili kuna njia ndefu mno, na sehemu yake kubwa haina kamera wala shangwe.

Alivyoanza

Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie, walifika Kashozi 1892. Hawa hawakuwa na haraka ya kubatiza. Sheria yao ilikuwa mtu akae kwenye ukatekumeni miaka minne, ajifunze sala, ajifunze katekisimu, aonekane anavyoishi na watu wa nyumbani kwake, ndipo amwagiwe maji. Miaka minne! Leo tunalalamika semina ya ndoa ikizidi wikendi mbili.

Rugambwa alibatizwa 1921 pamoja na wazazi wake, akiwa na miaka minane. Hapo napenda kusimama kidogo. Huyu hakuzaliwa ndani ya Ukristo. Alikuwepo nyumbani kwao wakati wazee wanaamua kubadili njia, akawaona baba na mama wanakariri katekisimu kama watoto wa shule. Kuna jambo mtoto anajifunza hapo ambalo seminari haiwezi kumfundisha.

Baadaye akaingia seminari ya Rubya. Hii Rubya ni ya mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, kazi ya Askofu Joseph Hirth, na hata Wanyarwanda wa kwanza kusomea upadre walianzia Buhaya. Mapadre wazalendo wa kwanza wa nchi yetu walipewa daraja 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo kijana Rugambwa anapoanza Kilatini, tayari kuna mapadre weusi wanaosoma Misa vijijini kwao. Hilo la padre mweusi lilikuwa linaonekana kwa macho.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Rubya miaka michache nyuma yake. Hakumaliza, akarudi nyumbani, akaoa, akawa katekista maisha yake yote. Nilikuwa namfuata shambani akisafisha migomba, anakata majani makavu kwa kisu kirefu, na kila jani likianguka anasema amo, amas, amat, anaendelea hadi amant, halafu anaanza upya. Nilidhani ni wimbo wa Kihaya cha zamani. Nimekuja kujua nikiwa sekondari kwamba ni kitenzi cha Kilatini. Miaka zaidi ya arobaini tangu aondoke Rubya, na bado kilikuwa mkononi mwake pamoja na kisu.

Alikuwa akituambia walioingia mwaka wake walikuwa wengi na waliofika altareni unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine waliugua, wengine Kilatini kiliwashinda, wengine waliitwa nyumbani baba akifa, wengine waliambiwa tu kwa upole na padre mkuu, "mwanangu, Mungu ana kazi nyingine nawe". Babu hakuwahi kulisema hilo kwa uchungu. Ila alipotaja jina la Rugambwa alikuwa anavua kofia, hata kama yuko shambani peke yake na mjukuu.

Kutoka Rubya mtu alivuka mpaka kwenda Katigondo, seminari kuu karibu na Masaka, Uganda, iliyofunguliwa 1911. Falsafa, teolojia, Maandiko, vyote kwa Kilatini. Rugambwa akapewa daraja la upadre na Askofu Burcardo Huwiler tarehe 12 Desemba 1943, msimu wa senene, akiwa na miaka 31. Hesabu tangu ubatizo wake: miaka 22.

Naendelea chini, naomba msinikate kwanza.

Padre wa kijijini, kisha Roma

Miaka kama sita alifanya kazi ya upadre kulekule Buhaya. Sina mengi ya kusema hapa zaidi ya kwamba ndiyo kazi yenyewe: kuungamisha, kuzunguka vigangoni, yaani vikanisa vidogo vya parokia, kwa miguu na baiskeli, kuzika, kupatanisha wanandoa.

1949 akatumwa Roma, Chuo Kikuu cha Kipapa cha Urbaniana, akarudi na udaktari wa Sheria za Kanisa mwaka 1951. Angalieni somo lenyewe. Mtu wa Sheria za Kanisa ndiye anayejua jimbo linaundwaje, mali ya parokia ni ya nani, ndoa gani ni batili, askofu anaweza nini na hawezi nini. Mimi naamini waliompeleka walikuwa wanatengeneza mtawala, na walijua wanachofanya. Lugha hiyo isiwakwaze, kutawala ni mojawapo ya kazi tatu za askofu pamoja na kufundisha na kutakatifuza.

Tarehe 13 Desemba 1951, miaka minane na siku moja tangu upadre wake, Papa Pio XII akamteua Vikari wa Kitume wa Kagera ya Chini. Akawekwa wakfu 10 Februari 1952 na Askofu Mkuu David Mathew, Mwingereza, Mjumbe wa Papa katika makoloni ya Waingereza huku kwetu. Rugambwa alikuwa na miaka 39.

Vikarieti ni nini? Ni eneo la kimisionari ambalo bado halijawa jimbo kamili. Askofu wake analiongoza kwa niaba ya Papa, na kwa kuwa hana jimbo lake hupewa jina la jimbo lililokufa zamani. Yeye alipewa Febiana, mji wa Afrika ya Kaskazini uliokuwa na askofu enzi za kina Agostino. Sasa fikirini: Mhaya wa 1952 anabeba jina la Kanisa la Kiafrika lililozimika zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Sijui kama kuna aliyekusudia, lakini mimi likinijia hilo huwa nanyamaza kwanza.

Hapo eneo la zamani la Bukoba liligawanywa. Upande mmoja ulibaki na Mapadre Weupe, na upande huu wa Kagera ya Chini, makao yake Rutabo, ukakabidhiwa kwa mapadre wazalendo chini ya askofu mzalendo. Ulikuwa mtihani wa wazi. Uganda walishaufanya Masaka mwaka 1939, Joseph Kiwanuka alipowekwa wakfu na Papa mwenyewe Roma, na wapo waliosema wazi kwamba Waafrika wakiachiwa peke yao patavurugika. Masaka haikuvurugika. Rutabo nayo haikuvurugika. Tarehe 25 Machi 1953 Roma ilipounda majimbo kamili Tanganyika, Rutabo ikawa jimbo na Rugambwa askofu wake wa kwanza.

Kwa wasiofika Rutabo: iko Muleba, sehemu za migomba na kahawa. Si mji. Hata leo si mji.

Kuna mdau kauliza: "Kwa nini Papa achukue askofu wa kijijini awe kardinali badala ya askofu mkuu wa mji mkubwa?"

Swali zuri, na ndilo nililokuwa nalisubiri.

Machi 1960 Papa Yohane XXIII alitangaza makardinali wapya, na tarehe 28 wakasimikwa. Katika kundi hilo walikuwamo Peter Tatsuo Doi wa Tokyo, kardinali wa kwanza Mjapani, Rufino Santos wa Manila, wa kwanza Mfilipino, na Laurean Rugambwa wa Rutabo. Doi na Santos walikuwa maaskofu wakuu wa miji mikubwa ya nchi zao. Wetu alikuwa askofu wa jimbo la migombani, na ana miaka 47.

Maoni yangu: Papa alikuwa ameshatangaza Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, tangu Januari 1959, akataka baraza la makardinali lifanane na dunia kabla maaskofu wa dunia hawajafika Roma. Na kwa Afrika alihitaji mtu ambaye hakuna angeweza kusema amepewa kwa huruma. Daktari wa sheria, miaka minane ya uaskofu, jimbo lililosimama kwa mapadre wake wenyewe. Huyo ndiye aliyekuwepo, na alikuwa Rutabo.

Sasa wekeni hilo kando ya siasa ya mwaka ule. Machi 1960 Tanganyika ilikuwa chini ya Gavana Turnbull. Mwalimu alikuwa bado hajawa hata Waziri Kiongozi, alipata cheo hicho Septemba. Uhuru ulikuja 9 Desemba 1961. Yaani Mtanganyika alipewa haki ya kumchagua Papa kabla Watanganyika hawajapewa haki ya kujitawala. Bibi yangu hakuwa anajua kusoma, lakini hilo alilielewa vizuri kuliko sisi. Picha ya Kardinali ilikuwa ukutani kwake kando ya Moyo Mtakatifu, kioo kimepasuka pembeni, moshi umeifanya rangi nyekundu iwe kama kahawa. Kila Jumapili kabla ya kuanza safari ya Misa alilowesha pindo la khanga kwa mate akafuta uso tu. Mavazi aliyaacha na moshi wake. Usoni ndipo alipotaka paonekane.

Mwingine kasema: "Kwa hiyo kardinali ni mkubwa kuliko askofu mkuu."

Hapana mkuu, hapa tuelewane. Madaraja ya sakramenti ni matatu tu: ushemasi, upadre, uaskofu. Ukardinali si daraja la nne. Ni wajibu na heshima anayopewa mtu na Papa: kumshauri, na Papa akifa au akijiuzulu, kumchagua mwingine. Kwa kawaida kardinali hupewa kanisa la Roma kama paroko wa heshima, kwa sababu kwa desturi ya kale askofu wa Roma huchaguliwa na wakleri wa Roma. Rugambwa alipewa San Francesco a Ripa, mtaa wa Trastevere, mahali ambapo Fransisko wa Assisi alifikia alipokwenda Roma.

Na mfano mzuri kuliko wote uko nyumbani kwetu. Tarehe 21 Juni 1960 Rugambwa alihamishiwa Bukoba na Rutabo ikaunganishwa humo. Mwaka huohuo Marko Mihayo akawa Askofu Mkuu wa Tabora, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu mkuu nchini. Bukoba wakati huo ilikuwa chini ya jimbo kuu la Tabora. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka minane tulikuwa na kardinali ambaye katika mpangilio wa majimbo alikuwa askofu wa kawaida ndani ya kanda ya askofu mkuu asiye na kofia nyekundu ya ukardinali. Kanisa lilienda, hakuna aliyegombana na mwenzake kuhusu nani akae mbele.

Mtagusoni

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulianza Oktoba 1962 ukaisha Desemba 1965. Maaskofu wa Afrika walifika Roma wakiwa wametoka makoloni tofauti, wengine Kifaransa, wengine Kiingereza, wengi bado ni wamisionari wazungu. Wangeweza kumezwa. Walichofanya ni kuunda sekretarieti ya pamoja, mwenyekiti wake Kardinali Rugambwa, na makatibu wawili: Jean Zoa wa Yaoundé kwa wa Kifaransa, na Joseph Blomjous wa Mwanza kwa wa Kiingereza. Wakawa wanakutana, wanakubaliana nani atasema nini, na mmoja anasimama kwa niaba ya wote. Msemaji mmoja mwenye mamia ya maaskofu nyuma yake husikilizwa.

Tunaposali Misa kwa Kiswahili badala ya Kilatini, kwa njia iliyofunguliwa na Mtaguso huo, tunapopiga ngoma kanisani, tukumbuke kuna watu walikaa vikao hivyo. Babu aliyejua Kilatini chote kile ndiye aliyekuwa wa kwanza kutufundisha sala za Misa kwa Kiswahili, na hakuonyesha kama amepoteza kitu.

Juni 1963, katikati ya Mtaguso, Yohane XXIII akafariki. Rugambwa akaingia kwenye konklave iliyomchagua Paulo VI. Akaingia tena mara mbili mwaka 1978, Agosti na Oktoba.

Dar es Salaam

Tarehe 19 Desemba 1968 aliteuliwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, kumrithi Edgar Maranta, Mkapuchini Mswisi aliyekuwa ameongoza tangu 1930. Mara tu anafika, serikali inataifisha shule za madhehebu. Pugu ilikuwa ya Kanisa, pale ndipo Mwalimu alipofundisha, nayo ikaenda. Miaka ya Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa, foleni za sukari, vita vya Kagera ambavyo vilipita kwao kabisa. Mji unakua kila upande, mitaa inazaliwa ambayo haina hata kigango.

Ndani ya hali hiyo aliacha hospitali ya Ukonga, ile aliyoiona binti yetu kwenye kibao, na shirika la masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Hilo jina la Fransisko mnaona linavyorudi.

Septemba 1990 akampokea Papa Yohane Paulo II nchini. Katika ziara ileile Papa aliwapa vijana daraja la upadre, na mmoja wao ni Protase Rugambwa, mzaliwa wa Bunena, Bukoba. Baadaye huyu akawa Askofu wa Kigoma, akafanya kazi Roma katika idara ya uinjilishaji, na 2023 akawa kardinali, sasa ni Askofu Mkuu wa Tabora. Mdau wa juu ulikuwa unawachanganya, hawa ni wawili: Laurean na Protase. Katikati yao yupo Polycarp Pengo wa Mwazye, Sumbawanga, aliyekuwa askofu mkuu mwandamizi wa Dar, yaani msaidizi mwenye haki ya kurithi, tangu 1990, akachukua usukani 22 Julai 1992 Laurean alipostaafu, na akawa kardinali 1998.

Aliyeuliza kuhusu umri wa kustaafu: askofu huandika barua ya kujiuzulu akifika miaka 75, lakini Papa ndiye anayeamua lini akubali. Laurean alifika 75 mwaka 1987, akaruhusiwa kupumzika siku kumi baada ya kutimiza 80.

Na aliyeuliza PM jinsi ya kuwa askofu

Umeniambia kijana wako yuko seminari ndogo na unataka kujua "njia". Ndugu yangu, naona bora nijibu hapa hadharani kwa faida ya wengi. Sheria ya sasa inataka padre awe na miaka 35 au zaidi, awe padre kwa miaka mitano au zaidi, awe na shahada ya juu katika Maandiko, teolojia au Sheria za Kanisa, au abobee kweli katika mambo hayo, awe na sifa njema. Balozi wa Papa hukusanya maoni kwa siri, anapeleka majina matatu Roma, Papa anachagua. Anayeulizwa maoni haruhusiwi kumwambia mtu. Mwenyewe anayechunguzwa hajui. Hakuna fomu ya kujaza wala kampeni, na padre anayeonekana anautafuta huwa anajifungia mlango.

Kijana wako mwache ajifunze Kilatini kama bado wanafundisha, aamke kengele ikilia, ale ndizi na maharage na wenzake. Akitoka kabla ya mwisho kama babu yangu, mpokee vizuri nyumbani. Na ukitaka kujua uaskofu unaweza kummaliza mtu hamu ya vyeo, msome Placidus Nkalanga, aliyemrithi Laurean kule Bukoba. Mwaka 1973 aliachia jimbo akaenda kuwa mmonaki Mbenediktini Hanga, Songea, akaishi hukohuko hadi Desemba 2015.

Swali la mwisho: amezikwa wapi?

Kwanza Kashozi, mahali Mapadre Weupe walipoanzia 1892. Kanisa kuu la Bukoba lilipokamilika kukarabatiwa, mwili wake ulihamishiwa humo Oktoba 2012, mwaka ambao angetimiza miaka mia. Unaweza kwenda kusali pale siku yoyote.

Ombi langu kwa watu wa Muleba, Kamachumu, Rubya na Rutabo mliomo humu. Mtu aliyekuwa na miaka kumi Rugambwa alipowekwa wakfu, 10 Februari 1952, leo amepita themanini. Bado wapo wachache. Likizo hii ukifika nyumbani kaa na bibi au babu, washa simu, urekodi: alikuwa amesimama wapi siku hiyo, walipika nini, waliimba nini, watu walisema nini walipomwona mtoto wao kavaa mitra, ile kofia ya askofu. Halafu leteni hapa chini kwa Kihaya au Kiswahili, nitatafsiri mimi.